Pofu Watatu kutoka Kanada

Vijana wa mitambo wa Nachingwea mmenisumbua muda mrefu niandike, na kwa kuwa sasa sina kazi ya kusingizia, naandika. Mniwie radhi kwa herufi kubwa kama za bango la duka. Siku hizi ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Mkitafuta humu habari za vyeo hamtazipata. Nilianza nikiitwa Fundi Issa, nimestaafu nikiitwa Fundi Issa, na katikati hapo nilipanda mara moja tu, siku niliposimama juu ya sanduku la spika ili nifikie waya.

Kazi nilifundishwa na Mzee Makolela. Yeye alikuwa akizunguka na gari la sinema vijijini, mpaka gari lenyewe lilipoishiwa kila kitu isipokuwa honi. Alinirithisha vitu vitatu: testa yenye mpini wa njano, unyoya wa kuku, na kanuni moja. Testa mnaijua. Unyoya ni wa kusafishia volyumu, kwa sababu huku kwetu wakati wa kupulizia mikorosho vumbi la salfa huingia hata ndani ya ndoto, na ampilifaya ikishaonja salfa hukwaruza mpaka meno yakuume. Chovya unyoya kwenye spiriti, pitisha taratibu, subiri ikauke. Ninyi mnapuliza kwa mdomo na kutia mate humo humo, kisha mnalaumu Wachina.

Kanuni yake ilikuwa hii: “Kosa ambalo watu hawajalisikia, usilitengeneze mbele yao.” Alikuwa na ushahidi. Siku moja alionyesha filamu ya kilimo cha pamba akiwa amechanganya mikanda, mavuno yakatangulia, palizi ikafuata, kupanda kukawa mwisho. Wanakijiji walipiga makofi wakasema wataalamu sasa wamepata akili, kwani mtu akianza kwa kuvuna hahangaiki na mvua. Mzee Makolela akafunga mitambo yake, akala ugali wa watu, akaondoka. Kanuni hiyo ni nzuri, na ndiyo iliyonitia matatani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilisikia kwamba kuna Wakanada watatu wamekuja Nachingwea kuchimba visima, nao wanatafuta mtu wa jenereta anayejua Kiingereza kidogo. Changu kilikuwa kidogo hasa, nikaona hii kazi ni yangu. Niliwakuta uani kwao wamekalia ndoo tatu, wanatazama sanduku la mbao kubwa kama chumba. Mrefu wao mwenye ndevu akanipa mkono.

“Mimi Gari,” akasema.

“Gari gani, bwana?”

“Gari tu.”

Nilidhani ananieleza habari za usafiri, kumbe ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake walikuwa Dagi, mnene, mpole, aliyependa kula, na Pita, ambaye mikono yake haikutulia hata akiwa msikitini, na msikitini aliingia mara moja tu kwa kupotea njia.

Tulifungua sanduku kwa nondo. Tulitegemea mtambo wa kuchimbia. Ndani mlikuwa na magitaa mawili, ngoma za kizungu, ampilifaya tatu, maikrofoni, na waya za kutosha kufunga ng'ombe wa wilaya nzima. Hawa watu huko kwao walikuwa na bendi. Mchana walichimba visima, Jumamosi walipiga bluzi, zile bluzi zenye ngumi ndani yake ambazo wenyewe waliziita bluzi roki. Vyombo walikuwa wamevipakia ili vihifadhiwe kwenye ukumbi wa rafiki yao, na mtambo ukapakiwa kuja kwetu, na mtu fulani akabandika anwani kinyume. Kwa hiyo mahali fulani Kanada, wakati sisi tunatazama magitaa, kulikuwa na mwenye ukumbi wa dansi anatazama mtambo wa kuchimbia visima. Kuurudisha kulichukua mwaka mmoja na miezi.

Gari alikuna ndevu akauliza kama watu wa vijijini wanapenda muziki. Nikamwambia watu wa huku kwetu wanapenda hata mlio wa mashine ya kukoboa, mradi una mdundo. Basi wakaamua kwamba wakati wanasubiri mtambo watazunguka vijijini kuzoeana na wenyeji, na mimi nikapewa kazi ya kuandika bango.

Hapa ndipo palipoharibika, nami naomba msome polepole. Kwenye uso wa ngoma kubwa palichorwa mnyama mwenye pembe pana mithili ya viganja viwili vilivyofunguliwa. Jina la bendi huko kwao lilikuwa la mnyama huyo, tena watatu. Nikauliza ni mnyama gani. “Mkubwa,” akasema Gari. “Anakula majani. Huwa anasimama kwenye maji anafikiri.” Sisi hatuna mnyama anayefikiri majini isipokuwa kiboko, na kiboko hana pembe. Wa karibu zaidi niliyemjua ni yule mkubwa kuliko swala wote, wa porini upande wa Liwale, ambaye huku kila mtu, Mmwera, Myao au Mmakonde, humwita mbunju. Lakini mimi nilimaliza darasa la saba, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba kwa Kiswahili sanifu mbunju ni pofu. Nilikuwa nimekaa na neno hilo miaka mingi bila kupata mahali pa kulitumia. Nikaandika kwa rangi nyekundu: BENDI YA POFU WATATU KUTOKA KANADA. WAPIGA BLUZI HODARI. LIKUNJA, JUMAMOSI, SAA TISA ALASIRI.

Kuhusu neno bluzi, akina mama wa Likunja walielewa blauzi na wakaja na watoto wao kupimwa, lakini hilo lilikwisha siku ile ile. Neno la pili ndilo lililodumu.

Tulipiga alasiri kwa sababu taa za jenereta huita kumbikumbi, na kumbikumbi akishaingia kwenye ampilifaya huna bendi, una kikaango. Jua la saa tisa ni kali, kwa hiyo Wakanada wote watatu walivaa miwani myeusi. Gari letu liliposimama, nilishuka mimi kwanza kutafuta pa kuweka jenereta, upande upepo unakoelekea, mbali na jukwaa, kama nilivyofundishwa. Nilipogeuka niliona bibi watatu wazee wamewashika Wakanada mikono, kila mmoja na wake, wanawaongoza uwanjani hatua kwa hatua.

“Shimo hapa, baba,” bibi mmoja alikuwa akimwambia Gari. “Inua mguu. Haya. Jiwe hapa. Pole, mwanangu.”

Mwenyekiti wa kijiji akasimama, sauti ikimtetemeka. “Ndugu zangu,” akasema, “sisi wenye macho yetu mawili tunashindwa kufika Ruangwa mjini kwa ajili ya barabara. Wenzetu hawa, vipofu, watatu, wametoka Kanada!” Wanawake wakaanza kufuta machozi kwa ncha za kanga. Kuku walikuwa wameshachinjwa.

Gari alininong'oneza kwa Kiingereza chake, uso umejaa furaha, “Fundi, hii ni mila?”

Nilitazama bango langu lililobandikwa kwenye ukuta wa ghala. Nilimtazama mwenyekiti. Tungesema pale pale kwamba jamaa wanaona vizuri, tungeonekana matapeli tuliovaa miwani ili tule kuku wa maskini. Na hakuna aliyekuwa amelisikia kosa isipokuwa mimi. Kanuni ikaja yenyewe.

“Ndiyo, Bwana Gari,” nikasema. “Ni mila. Mwanamuziki huongozwa kwa mkono.”

Muziki wenyewe ulipokewa vizuri kuliko nilivyotarajia, ila ulikatizwa mno. Gari alitaka watu waelewe anachoimba, kwa hiyo baada ya kila wimbo nilitafsiri. Nyimbo zao karibu zote zilikuwa za mwanamume ambaye ameamka asubuhi akakuta mke ameondoka. Huku kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, mnajua. Bibi mmoja akanyosha mkono.

“Aondoke mke aende wapi, na nyumba ni ya kwao?”

Nikamtafsiria Gari. Gari akafikiri, akasema labda nyumba ilikuwa ya kupanga. Mzee mwingine akauliza mjomba wa mke ameshirikishwa au la. Jambo likazungumzwa nusu saa, wakakubaliana kwamba huyo mwanamume arudi kwao na nguo zake, na ndipo tukaruhusiwa kupiga wimbo wa pili, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa wa mke mwingine aliyeondoka.

Habari ilitutangulia. Tulipofika Nambilanje tayari palikuwa na vijana wamekata fimbo tatu na kuzilainisha kwa msasa. Wakanada walipokea fimbo kwa heshima zote. Pita akatumia yake kupigia matoazi. Nami nikajikuta na kazi ambayo haikuwa kwenye makubaliano, kazi ya kulinda upofu wa watu watatu wasiojua kwamba ni vipofu. Niliwaambia mila inakataza mwanamuziki kuvua miwani mbele ya hadhira. Niliwaambia mila inakataza kusoma hadharani. Niliwaambia kilomita moja kabla ya kijiji mila inataka usukani ashike fundi. Gari alikuwa na daftari ambalo aliandika mila zote hizo, na lilijaa. Nadhani lipo mpaka leo kwenye maktaba fulani, na watu wasio na hatia wanalisoma.

Malolo ndiko nilikozidiwa. Nilikuwa na homa, nikalala siti ya nyuma, nao wakaona huruma kuniamsha. Gari akaendesha mpaka katikati ya kijiji, miwani myeusi usoni, kiwiko kimetoka dirishani, na kwa kuwa alifurahi kuona watu akapiga honi. Nilizinduka kwa kelele. Watu walikuwa wakikimbilia kwenye mihogo. Mzee mmoja tu hakukimbia, alisimama pembeni ya njia ameshika kikapu, akatazama gari likikata kona, likakwepa mbuzi, likasimama sawasawa chini ya kivuli. Alitikisa kichwa akaondoka. Mkumbukeni mzee huyo.

Mtambo wa kuchimbia ulipofika hatimaye, hakuna kijiji kilichotuuliza vyeti. Watu walisema wapimaji wenye macho walikwishapita na hawakupata maji, sasa waachwe hawa ambao hawadanganywi na majani mabichi. Maji yalipatikana, kwa sababu Dagi alikuwa anaijua kazi yake barabara. Lakini sifa zote zilikwenda kwenye upofu. Na kila kisima kilipofunguliwa tulipiga alasiri, wakaongozwa kwa mkono, wakala wali.

Haya yote yangebaki ya kuchekesha kama si Lukasi.

Lukasi alikuwa mtu wa Malolo, umri wa miaka thelathini hivi, kipofu wa kweli tangu utotoni kwa surua. Alipiga malimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, aliyoitengeneza mwenyewe kwa vipande vya spoku za baiskeli, na maisha yake yote alikaa barazani kwa mjomba wake akibangua korosho. Alifika Nachingwea kwa miguu, yeye na mke wake Esta, wameshika fimbo moja huku na huku. Walifika na vumbi mpaka kwenye kope.

“Nimekuja kwa wenzangu,” Lukasi akasema. “Mjomba alinikataza kutoka. Alisema kipofu akizurura anakuwa ombaomba. Nikamwambia, mbona kuna watatu wamevuka bahari? Akafikiri siku mbili. Akasema, haya, nenda, kama vipofu hao wanaishi kwa muziki na wewe jaribu. Ila nikisikia ni uongo unarudi kwenye korosho, na hutoki tena.”

Esta aliongeza kwa sauti ya chini, “Fundi, tangu aambiwe aende, amekuwa akicheka usingizini.”

Usiku ule sikula. Kumbe bango langu lilikuwa limemtoa mtu nyumbani. Nikiwaambia ukweli, ukweli huo unamrudisha barazani maisha yake yote. Nikinyamaza, mtu huyu anaishi juu ya kosa la neno moja. Nilinyamaza, na kwa mara ya kwanza sikunyamaza kwa ajili ya kanuni. Niliogopa.

Wakanada walimpenda papo hapo. Malimba yake niliifunga kijipaza sauti kidogo nilichokitoa kwenye simu mbovu ya mezani, nikakibandika kwa nta ya nyuki. Vijana, hakuna gundi ya dukani inayoshinda nta kwa mbao. Gari akamfundisha gitaa. Ndani ya miezi michache Lukasi ndiye aliyeanzisha nyimbo na wao wakafuata, na zile bluzi zao zikapata kiuno. Alikuwa pia msikivu kuliko testa yangu. “Fundi, spika ya kushoto inataka kufa,” alisema, na kabla wimbo haujaisha ilikufa. Tulikaa naye hivyo mwaka mmoja na nusu, nao wakipanda jukwaani kwa mkono, wote wanne.

Kisha mtu akamwona Pita kwenye kibanda cha chai Ruangwa mjini anasoma maandishi ya pakiti ya biskuti, na maneno yakaanza.

Tulikuwa tupige pale pale Ruangwa, uwanjani, alasiri ya Jumamosi. Nikiwa napima maikrofoni, niliona watu wanampisha mzee mmoja mwenye kikapu. Nilimtambua mara moja. Ni yule aliyesimama kando ya njia Malolo siku tulipokimbiwa. Esta akanishika mkono. “Huyo ndiye mjomba,” akasema. “Mzee Chiwaya.”

Mzee Chiwaya hakusalimia. Alitandika mkeka mbele ya jukwaa, akamwaga korosho zilizobanguliwa, nzima na zilizovunjika zimechanganyika. “Mpwa wangu huyu,” akasema watu wote wasikie, “huchagua korosho hizi kwa vidole tu, nzima huku, chenga kule, na hakosei hata moja. Vipofu wote niliowajua wanaweza. Sasa na hawa wachague.”

Watu wakakaribia. Wakanada wakaletwa mkekani kwa mkono, kama kawaida, wakakaa. Nilipaswa kutafsiri, nami nikajishughulisha na waya. Gari akanitazama akisubiri maelezo, na nilipokawia, Dagi akaelewa mwenyewe. Kwa nini mzee atandike mkeka na kumwaga korosho mbele ya wageni? Alitabasamu, akasema “Asante sana, mzee,” akaanza kula.

Alikula ule mtihani. Hakupapasa. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye korosho nzima, nene, nyeupe, akaziruka chenga zote, na akamchagulia Pita mbili nzuri.

Mzee Chiwaya alimwacha ale za kutosha. Kisha akasema bila hasira, “Kipofu haokoti kubwa kubwa.”

Mzee akageuka, akashika ncha ya fimbo ya Lukasi. “Twende nyumbani,” akamwambia.

Lukasi hakubisha. Mjomba ni mjomba. Alishusha gitaa begani, akalipapasa mara moja kutoka juu mpaka chini, akamnyoshea Gari. Uso wake sitausahau. Nami nilikuwa nimeshika maikrofoni, iko wazi, nimeshaipima. Mzee Makolela anisamehe huko aliko. Kosa walikuwa wameshalisikia.

“Nilikusudia mbunju!” nikasema. Sauti ilitoka kwenye spika nne. “Jamani, ni mimi niliyeandika bango. Pofu ni mbunju! Mnyama! Angalieni ngoma! Hawa wanaona tangu walipozaliwa, na wenyewe hawajui kwamba ni vipofu. Niliwaambia ni mila. Lawama zote ni zangu, wao hawana kosa, na Lukasi hana kosa.”

Watu wote waligeuka kutazama ngoma. Bibi mmoja aliyekaa mbele akasema polepole, “Mbunju.” Kisha kwa uchungu, “Sasa si ungesema mbunju?” Na hapo akaanza kucheka, na kicheko kikapita uwanjani kama moto wa nyasi. Ni wawili tu ambao hakikuwafikia. Wa kwanza alikuwa Gari, niliyekuwa nikimtafsiria kwa haraka na kwa aibu. Alivua miwani. Alifungua lile daftari lake, akalitazama ukurasa baada ya ukurasa.

“Yote, Fundi?” akauliza.

“Yote, Bwana Gari.”

“Hata ya kutoshika usukani?”

Wa pili alikuwa Mzee Chiwaya. Alisubiri kicheko kiishe. “Wewe ulijua?” akamwuliza mpwa wake.

“Tangu siku ya kwanza, Mjomba,” Lukasi akasema. “Walinishika mkono kunisalimia, kisha tukaongozwa jukwaani tumeshikana mikono. Mtu anayeona, ukimwongoza, mkono wake unajibeba wenyewe. Unakufuata kwa adabu tu. Wa kipofu una uzito. Unaegemea. Hawa mikono yao ilikuwa myepesi kama ya watoto wanaocheza.”

“Ukakaa.”

“Wewe uliniruhusu kwa sababu hawaoni. Mimi nilikaa kwa sababu walikuwa wananisubiri nianze wimbo. Nyumbani hakuna aliyekuwa ananisubiri nianze kitu.”

Mzee Chiwaya aliachia fimbo. Akakaa juu ya mkeka, karibu na Dagi, ambaye alikuwa ameacha kutafuna lakini mdomo bado umejaa. “Haya, anza,” akasema.

Lukasi akalichukua gitaa. Alipiga peke yake wimbo wa mtu anayebangua korosho, vidole vinaungua kwa mafuta ya ganda, barabara anaisikia inapita mbele ya nyumba. Hakukuwa na mke aliyeondoka, na hakuna aliyenyosha mkono kuuliza. Esta alilia wazi wazi, nami nililia nikijifanya natazama fyuzi.

Wimbo ulipokwisha, mzee aliinuka akakung'uta kanzu. “Nilisema nikisikia ni uongo, atarudi,” akatangaza. “Sikusikia. Nimeona mwenyewe. Kwa hiyo neno langu halijavunjika.” Akamtazama Gari kwa muda. “Na niwaambie kitu. Tangu siku ile Malolo nilipomwona huyu anakata kona, sijapata raha. Kila Jumamosi nilijua mpwa wangu yuko njiani amepakiwa na dereva kipofu. Leo nitalala.” Akaokota chenga zilizobaki, akazirudisha kikapuni, akaondoka.

Kuanzia hapo Wakanada waliendesha gari wenyewe mpaka uwanjani, lakini bibi za vijiji hawakuacha kuwaongoza kwa mkono. Walisema wameshazoea. Mambo yakaenea, hata wanakwaya wa parokia walipoalikwa kuimba Nambilanje waliongozwa mmoja mmoja, sauti ya kwanza mpaka ya nne, ikachukua muda wa misa nzima. Kwa hiyo mila niliyoizua ipo, na sasa kuna wazee wanaoapa kwamba waliikuta kwa babu zao.

Visima vilikwisha katikati ya miaka ya elfu mbili, Wakanada wakarudi kwao. Vyombo waliviacha kwa Lukasi. Gari aliniandikia kwamba wamejaribu kufufua bendi. Jioni ya kwanza alisimama nyuma ya pazia akisubiri mtu aje amshike mkono, akasimama sana, na Pita akamwambia, twende tu, huku hawana mila. Barua hiyo ninayo. Lukasi aliendelea na vijana watatu wa Nachingwea ambao watu huwaita Wakanada, ingawa mmoja wao jina lake ni Mwanja. Mimi nikabaki kwenye mitambo yao, na kati ya safari nikawa natangaza mikutano na chanjo kwa gari la matangazo, mpaka mwaka huu.

Mliponiandalia sherehe ya kuniaga, nilisema nimechoka kubeba spika. Mkaamini, kwa kuwa spika ni nzito kweli. Mlinipangia kiti mbele, na jina langu likaitwa. Lukasi alishuka jukwaani mwenyewe, akaja mpaka nilipokaa, akanipa mkono aniongoze. Watu walipiga makofi kwa utani huo, na mimi nikacheka nao. Tukaenda hatua kwa hatua. Sikuuona waya uliokatiza mbele yangu, waya niliotandaza mwenyewe asubuhi ile kwa kupapasa. Yeye aliuvuka, akaniambia inua mguu.

Katikati ya njia alipunguza mwendo, akanikaribia sikioni.

“Fundi,” akasema, “mkono wako umekuwa mzito. Tangu lini?”

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Testa, nimekuwa nikiisikiliza badala ya kuitazama taa yake. Fyuzi nimekuwa nikizijua kwa ulimi. Nilitaka kumwambia ni utani tu, naigiza.

“Tangu msimu wa korosho uliopita,” nikasema. “Watu hawajajua, Lukasi.”

Kisha akanishika vizuri zaidi, chini ya kiwiko, ili niegemee.

“Basi tembea polepole,” akasema. “Wakiuliza, nitawaambia ni mila.”